Fiat 500: Sura Imerudi, Hesabu Imeachwa

Fiat 500 mpya ikipita, watu husema "jamani, kazuri!" Ni kweli, kanapendeza. Tatizo langu ni jingine: ile sura ya mviringo ilikuwa jibu la hesabu, na waliolirudisha gari walichukua jibu tu, swali wakaliacha.

Turudi Torino, Italia, mwaka 1957. Familia nyingi zilikuwa bado zinatumia skuta, na mhandisi Dante Giacosa alitakiwa kuunda gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Maana yake chuma kidogo na mafuta kidogo. Likatoka gari la urefu wa mita 2.97 na uzito wa karibu kilo 500. Injini yake ya silinda 2, cc 479, ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Hakuna rejeta, hakuna maji. Ndiyo maana uso wake hauna matundu makubwa: kule mbele hakukuwa na injini ya kupoza.

Na zile bodi za mviringo? Hebu shika karatasi kwa ncha moja. Inalegea, sivyo? Sasa ipinde kidogo kama mfereji: inasimama. Bati nalo ni hivyo hivyo. Likipindwa huwa gumu zaidi, hivyo unaweza kutumia jembamba. Paa la turubai nalo likapunguza chuma. Uzuri ulikuja kama chenji.

Sasa njoo 2007. Injini iko mbele na inapozwa kwa maji. Urefu ni mita 3.55. Rejeta inahitaji hewa, basi matundu yakapelekwa chini kwenye bampa ili sura ya babu isiharibike. Toleo la umeme la 2020 lina mita 3.63, na lenye betri kubwa lina kilo kama 1,300.

Tutende haki: sehemu ya uzito ulioongezeka inaokoa maisha. Lile la 1957 lilikuwa na tangi la mafuta mbele, na hakuna anayetaka kurudi huko. Lakini usalama haukumlazimisha mtu kuigiza sura ya zamani.

Kwangu mimi, mrithi halisi ni Fiat Panda ya 1980, kazi ya Giorgetto Giugiaro. Ina vioo bapa, viti vyepesi, umbo kama sanduku. Haifanani na 500 hata kidogo, ila inauliza swali lile lile: kitu gani tunaweza kukiacha?

Swali hilo halijazeeka. Leo tunasogeza kilo 1,300 ili kumfikisha kazini mtu mmoja wa kilo 70. Giacosa angeanzia hapo, si kwenye umbo la taa.