Neno "Uvimbe" katika Tundu la Jicho

Mgonjwa wa Karatu ambaye jicho lake limetokeza huweza kuambiwa kwamba picha imeonyesha "uvimbe". Neno hili limetwishwa mizigo mitatu: kufura, mchochota, na nyama iliyoota, pengine ya saratani. Hapo ndipo kasoro ilipo. Picha za eksirei za kompyuta na za sumaku husaidia kuyapambanua mambo hayo. Ugonjwa wa macho unaohusiana na tezi ya thairoidi hunenepesha tumbo la misuli na kwa kawaida huziacha kano. Mchochota wa misuli aghalabu hufikia kano pia. Jipu huonekana kama kifuko cha usaha. Tiba nazo ni mbalimbali: steroidi, viuavijasumu au kisu. Haifai basi picha itenganishe na mfasiri achanganye.

Twapendekeza "uvimbe" ubakie kwa nyama iliyoota, kama umma ulivyozoea. "Kufura" kwa dalili ionekanayo. "Mchochota" kwa ugonjwa wenyewe. Kweli, "mchochota" halijazoeleka, hasa kwa wazee wa Karatu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiiraqw. Lakini neno geni lililoelezwa vema ni afadhali kuliko neno zoefu limtialo mtu hofu ya saratani asiyokuwa nayo.