Mchwa wa Harare, Vioo vya Nairobi

Ukitaja usanifu unaoiga maumbile, lazima mtu akuletee Eastgate Centre ya Harare. Mick Pearce alilibuni, likafunguliwa 1996, na siku hizi habari zake husimuliwa kama ngano: mchwa walimfundisha msanifu kupoza ofisi bila AC.

Ngano tamu, ila kichuguu hakifanyi kazi hivyo. Mwaka 2008 J. Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu kule Namibia, walieleza kwamba joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, misimu ikibadilika. Kichuguu chenyewe ni kama pafu. Kinatumia upepo kutoa hewa chafu na kuingiza safi. Kupoza? Wapi!

Kwa hivyo jengo ni uongo? La, na hapa ndipo wanaolisifu huwa hawafiki. Harare iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wake una baridi. Usiku feni (ndiyo, ziko, na zinakula stima) huvuta hewa hiyo na kuipitisha kwenye sakafu nzito za zege. Zege inapoa. Mchana hewa inayoingia inapozwa na zege ileile, na ikishapata joto inapanda na kutokea kwenye dohani za paani. Kuta zimejaa vivuli vya zege, jua lisigonge vioo moja kwa moja. Pearce aliwakosea mchwa, lakini Harare aliijua.

Nairobi iko juu zaidi, na usiku wa Julai unaujua. Sisi tumejenga nini? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, sasa naandika nikihamahama kwenye ofisi za watu. Moja ina ukuta wa vioo wenye mchoro wa mishipa ya jani. Broshua inasema jengo "linapumua". Saa nane mchana mapazia yamefungwa, taa zimewashwa, AC inanguruma.

Francis Kéré naye alitumia kichuguu Turkana, kwenye Startup Lions Campus ya 2021. Kule usiku hauna baridi ya kukopa, kwa hivyo minara yake inafanya kazi nyingine: hewa moto inapanda na kutokea juu, ya chini inaingia. Naipenda hiyo. Lakini picha nyingi nilizoona zimepigwa nje, minara na anga tu. Nionyesheni mtu ameketi ndani, Februari, anafanya kazi.