Fundi wa Chai Hujua pa Kukomea

Ukitoka Gisenyi, Rwanda, na kuliacha Ziwa Kivu nyuma, utafika Pfunda, kwenye mashamba ya chai na kiwanda chake. Mchumaji hufanya kazi kwa mikono yote miwili, upesi, lakini kwa kuchagua: majani mawili na chipukizi. Chipukizi changa ndilo lenye katekini nyingi, zile antioksidanti za chai, ambazo zinaweza kufikia robo ya uzito wake likishakauka. Jani lililokomaa halina utajiri huo. Halafu lazima jani lililochumwa libebwe bila kushindiliwa, maana bado linapumua. Likibanwa hupata joto, likaanza kuwa jekundu kabla ya wakati.

Kiwandani hunyaushwa kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, mpaka lilegee. Kisha mashine hulikatakata na kulisaga. Kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya jani hukutana na katekini, hewa ikiingia, na rangi ya kijani huanza kupotea.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi. Katekini huungana kuwa teaflavini, zinazoipa chai mng'ao wa dhahabu na ule ukali unaochangamsha ulimi. Zikiachwa, zenyewe hugeuka kuwa tearubijini, zenye wekundu na uzito. Teaflavini hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, yote hayo ndani ya saa moja au mbili. Saa ya ukutani haitoshi kumwongoza fundi: jani la masika lina maji mengi, usiku wa baridi huchelewesha kila kitu. Huchota kiganjani, akatazama rangi, akanusa. Harufu ya majani mabichi ikiisha na ya matunda ikaja, chai hupelekwa kwenye kikaushio. Joto huua kimeng'enya, maji hubaki takriban asilimia 3, na hakuna kurudi nyuma.

Wako wanaodai kwamba chai nyeusi imepoteza wema wote uliobaki katika chai ya kijani. Si kweli: teaflavini nazo ni antioksidanti. Lakini nguvu inayopimwa maabara si tiba ya mgonjwa, wala ustadi huu hauhitaji kusifiwa kwa jina la dawa.

Chai ya Rwanda huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na mara nyingi huchanganywa na nyingine kabla ya kufungwa pakiti. Ukiipata ya Pfunda peke yake, tafadhali kunywa kikombe cha kwanza bila maziwa wala sukari.