Gloria ya Kamina katika Sinema ya Noeli

Noeli ikifika, jamaa nyingi hutazama sinema za theluji na miti yenye taa. Si dhambi. Lakini watoto wasidhani kwamba Yezu alizaliwa kwa ajili ya Wazungu tu.

Mimi nashauri Injili ya Matayo, sinema ya Pasolini wa Italia, ya mwaka 1964. Mutu huyu hakuwa na imani, lakini alifuata maneno ya Matayo kwa uaminifu, akaitoa kwa ukumbusho wa Papa Yoane XXIII. Maria wake ni musichana maskini. Yosefu anafazaika bila kusema neno.

Sikilizeni nyimbo zake. Gloria ile ni ya Missa Luba, iliyozaliwa hapa Kamina, ikaimbwa mwaka 1958 na wavulana na walimu wa Padri Guido Haazen, Mufransisko. Wimbo wa malaika wa Betlehemu, kwa ngoma zetu!

Kasoro zipo: inapita saa mbili, na mauaji ya watoto yatatisha wadogo. Basi baba asimamishe mashine, aeleze Herode ni nani. Kisha aulize: «Nani wanaimba?» Watoto wajue kujibu: «Ni watu wa kwetu.»