Mgeni wa Kiti cha Tatu

Alikuja mapema, kabla abiria hawajaitwa. Nilikuwa nasoma daftari la hitilafu za ndege, naye rubani msaidizi wangu akiingiza njia ya Nairobi hadi Kisumu kwenye kompyuta. Kupitia mlango uliokuwa wazi nikamsikia kijana akiwasalimia wahudumu mmoja baada ya mwingine, akianza na kiongozi wao. Akamweleza huyo kiongozi yeye ni nani, anakwenda wapi, na kwamba jina lake limo kwenye orodha ya kiti cha tatu. Kisha akasimama kando ya jiko, mahali asipomzibia mtu njia. Hakuja kwetu, kwa kuwa aliona tuna kazi mkononi.

Kiti cha tatu, ambacho marubani hukiita jampsiti, ni kile cha kukunjwa kilicho nyuma ya viti vyetu viwili. Mahali hapo zamani palikuwa na mwenyewe. East African Airways ilipoanza kurusha Super VC10 mwaka 1966, nyuma ya marubani alikaa mhandisi wa ndege na safu zake za mita na swichi. Kompyuta zilipomaliza kazi yake aliondoka, kikabaki kiti. Leo hukaliwa na mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au mwalimu anayempima rubani, au rubani asiye zamuni anayetaka kufika kwao siku ambayo ndege imejaa. Mkaguzi anaingia na sheria, mwalimu anaingia na kazi. Huyu wa mwisho anaingia kwa ridhaa ya kapteni tu, na ufundi wake wote ni namna ya kukaa. Ni ufundi ambao wengi hawaujui upo, hata baadhi ya marubani, nami nimetamani kuuandika tangu nilipomtazama kijana huyu akiufanya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilipofunga daftari na kulirudisha mahali pake, ndipo akagonga fremu ya mlango. Alivaa suti nyeusi iliyopigwa pasi na shati jeupe. Mkononi alishika leseni, cheti cha afya na kitambulisho cha kazi, vyote vimeshafunguliwa kwenye ukurasa unaotakiwa.

"Habari za mchana, Kapteni. Naomba kusafiri nanyi hadi Kisumu, ukiridhia."

Ofisi ilikuwa imeshamkubalia. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyolala magotini pangu. Aliomba hata hivyo, kisha akanyamaza na kungoja kama mtu anayejua kwamba jibu laweza kuwa hapana.

Nikamuuliza safari yenyewe ni ya wapi. Masimba, akasema, kule Masaba Kusini. Baba yake mdogo amefariki na mazishi ni kesho. Nikampa pole. Halafu nikamuuliza swali ambalo siku hizi haifai kapteni kuliruka: "Na wewe mwenyewe uko vipi?"

Hakuudhika. Akasema amelala vizuri usiku, hajagusa pombe tangu habari imfikie, hatumii dawa yoyote. Ana huzuni, lakini kichwa chake kimetulia. Nikiona vingine, atapanda basi la usiku na hatakuwa na kinyongo.

Jibu hilo lilikuwa na kila nilichohitaji. Oktoba 2023, katika ndege ya Horizon Air iliyotoka Everett kwenda San Francisco, rubani aliyepewa kiti hiki alinyoosha mikono akashika vishikio vya kuzimia moto, ambavyo vingekata mafuta ya injini zote mbili. Wenzake walimzuia na wakatua Portland salama. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa akimlilia rafiki aliyefariki, hajalala ipasavyo, na siku chache kabla alikuwa amekula uyoga unaopotosha akili. Mwaka 1994, juu ya Memphis, mgeni wa kiti hiki katika ndege ya mizigo ya FedEx aliwapiga wenzake watatu kwa nyundo. Walimshinda nguvu na kutua wakivuja damu. Tangu Novemba 2003 kanuni za kimataifa zinataka ndege za abiria za ukubwa wa hii yetu ziwe na mlango wa chumba cha marubani usiopenywa na risasi. Lakini mgeni wetu anakaa upande wetu wa mlango huo. Kwa hiyo anayeulizwa kuhusu huzuni yake na kujibu kwa utulivu, bila kujiona ametukanwa, ameshaanza kutusaidia kurusha ndege.

"Karibu," nikamwambia.

Begi lake alimpa mhudumu kwanza, amtafutie nafasi baada ya abiria kupata zao. Kiti alikifungua mwenyewe: akakivuta kutoka ukutani, akakishusha hadi kikaitikia kwa mlio wa chuma kujifunga, akakisukuma kwa kiganja kuhakikisha, ndipo akakikalia. Mikanda ya mabega, kisha ya kiuno, kisha akajaribu kuifungua na kuifunga tena. Akavaa vipokea sauti na kushusha kiwango cha sauti kabla ya kuvichomeka, maana kelele ya ghafla humshtua mtu. Akatoa barakoa ya oksijeni, akaibonyeza, akasikiliza pumzi yake, akairudisha vilevile ilivyokuwa. Simu akaizima mbele ya macho yetu na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Nilipomweleza njia ya kutokea wakati wa dharura, aliitazama njia yenyewe wala hakunitazama mimi, ingawa bila shaka aliijua kwa moyo. Nikamalizia kwa lile ninalowaambia wote: ukiona hatari, sema, wakati wowote. Akaitikia mara moja kwa kichwa.

Tangu hapo hakusema neno.

Kunyamaza huku kuna historia. Septemba 1974 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ikikaribia Charlotte, Marekani, katika ukungu. Watu 72 walikufa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba marubani walikuwa wakizungumza siasa na magari ya mitumba huku ndege ikishuka chini ya kimo. Mwaka 1981 Wamarekani waliandika kanuni, nasi wengine tukaifuata: chini ya futi 10,000 hakuna maneno yasiyo ya kazi. Nairobi yenyewe iko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tukiruka kutoka hapa ukimya huo ni mfupi kuliko wa Mombasa. Kijana hakuupima kwa futi. Tulirudishwa nyuma na trekta, tukawasha injini ya kwanza na ya pili, tukasomeana orodha ya ukaguzi, tukaingia njia ya kurukia, na muda wote huo mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, viganja chini. Mabega yake hayakuja mbele. Msaidizi wangu, aliyekuwa akirusha, alipokosa mara ya kwanza kuisikia nambari aliyosomewa na mnara, kijana aliijua. Nililiona hilo usoni mwake. Aliacha msaidizi aulize tena. Nambari ilirudiwa, ikasomwa sawa, kazi ikaendelea.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini. Mimi nimeoa Nyamira, ng'ambo tu ya Keroka ukitoka Masimba, na huko wakwe zangu wamenifundisha kwa miaka kitu wanachokiita chinsoni. Ni adabu ya Abagusii inayopima umbali kati ya mzazi na mwana, kati ya mkwe na mkwe. Mwana akishatahiriwa haingii chumba wanacholala wazazi wake. Kuna nyumba unayoingia na nyumba unayoitia nje, kuna maneno yanayosemwa mbele ya huyu na yasiyosemwa mbele ya yule. Mgeni wa haraka huona makatazo matupu. Aliyekaa huona watu wanaojua mahali pao bila kuelekezwa, na kwa sababu hiyo wanaweza kuishi boma moja bila kukwaruzana. Kijana aliyelelewa hivyo hakuhitaji mwongozo wa shirika kumwambia kwamba viti viwili vya mbele vina wenyewe.

Tulipopita mawingu ya Bonde la Ufa na kutulia angani, bado alingoja. Kufika juu hakukumpa ruhusa ya kuongea. Ruhusa ni ya kapteni. Nilipogeuka na kumuuliza mazishi yatakuwa ya namna gani, akaongea, kwa sauti ya chini, sentensi fupi ambazo zingeweza kukatika wakati wowote redio ikiita. Na ilipoita alinyamaza katikati ya neno. Baada ya sisi kujibu hakulimalizia mpaka nilipomwambia aendelee. Nikamwambia nilikooa. Akatabasamu. "Basi karibu sana kwetu, Kapteni," akasema.

Wapo wanaodhani adabu hii inamfanya mtu wa tatu asiwe na faida. Naona kinyume chake. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United iliyokuwa ikielekea Chicago ilipasuka injini ya mkia, ikapoteza mafuta yote ya haidroliki. Usukani ukawa hauendeshi chochote. Miongoni mwa abiria alikuwepo Denny Fitch, mwalimu wa marubani wa ndege aina hiyohiyo. Hakukimbilia mlango. Alimwita mhudumu, akamtuma amwambie kapteni kwamba yupo, endapo atahitajika. Alipoitwa aliuliza afanye nini, na Kapteni Al Haynes akamkabidhi mitambo ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Fitch akaigeuza kwa mikono yake miwili ndege nzima hadi Sioux City. Kati ya watu 296, watu 184 waliokoka kwenye ajali ambayo marubani waliojaribu kuiiga baadaye katika mitambo ya mafunzo hawakuweza kutua salama. Kila tendo la Fitch lilipita kwanza kwenye idhini ya kapteni.

Miaka 29 baadaye, tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air ilitoka Denpasar ikaanza kujisukuma pua chini. Kwenye kiti cha tatu alikuwepo rubani asiye zamuni, naye akawasaidia wenzake kutafuta chanzo cha tatizo wakati mikono yao imeshikwa na kazi. Wakazima mota inayosogeza bawa la mkia, wakafika Jakarta. Kesho yake ndege hiyohiyo, ikiwa na marubani wengine, ilianguka baharini na kuua watu 189. Mfumo uleule uliosukuma pua chini uliiangusha ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi tarehe 10 Machi 2019; watu 157 walikufa, na hakuna taifa lililopoteza watu wengi kuliko Kenya. Sisemi mgeni mmoja angewaokoa. Nasema macho yasiyo na kazi nyingine yana kazi yake, mradi aliye nayo anajua lini ya kuyatumia.

Juu ya Kericho mvua ya mawe ilikuwa imeanza kujijenga, kama kawaida ya huko alasiri. Msaidizi aliisoma kwenye rada, akaomba kupinda kulia, kaskazini. Kushoto kwetu, nyuma ya ukuta wa wingu, ndiko iliko milima ya Kisii, na Masimba ndani yake. Kijana aligeuza uso huko mara moja, kisha akaurudisha mbele. Tulikuwa tumeanza kushuka. Kutoka hapo akawa kama alivyokuwa Nairobi: viganja juu ya mapaja, ukimya.

Uwanda wa Kano ulifunguka mbele yetu, mashamba ya mpunga ya Ahero yaking'aa maji, ziwa nyuma yake. Magurudumu yalishashushwa. Ndipo aliposema maneno pekee aliyoyasema bila kuulizwa: makorongo, mbele, kulia kidogo, juu yetu. Sauti ilikuwa ileile ya mazungumzo, haikupanda. Hakunyoosha kidole, maana mkono unaopita katikati ya marubani wawili wakati wa kutua huvuta macho mahali pasipofaa. Nikawaona, watano au sita, wakizunguka kwenye hewa ya moto. Nikathibitisha, msaidizi akaendelea na mstari wake, nao wakapita juu ya bawa letu la kulia kwa nafasi ya kutosha. Baada ya hapo hakuongeza lolote, hata pumzi ya nafuu. Tukagusa lami.

Watu wengi hudhani kazi ya mgeni imekwisha hapo. Yeye alibaki amefungwa mikanda hadi injini zilipozimwa na orodha ya mwisho kusomwa hadi mstari wa mwisho. Msaidizi wangu, aliye mdogo kwake kwa vyeo, aligeuka akamuuliza ameonaje kazi yake. Kijana alinitazama mimi kwanza. Nikaitikia. Akamwambia msaidizi jambo moja tu: kwamba alipopinda kuelekea Nandi hakuharakisha kushuka, alikilinda kimo chake mpaka vilima vilipobaki nyuma, ingawa Kisumu ilikuwa ikimvuta chini, na kwamba yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Makosa madogo yalikuwepo, na najua aliyaona. Hayo aliniachia mimi.

Akakikunja kiti, akakirudisha ukutani, akaning'iniza vipokea sauti kwa waya uliokunjwa. Akasimama jikoni mpaka abiria wa mwisho aliposhuka, akamshukuru kila mhudumu kwa jina lake, akachukua begi. Mlangoni akageuka kwetu. Injini zilikuwa zimezimwa, kazi imekwisha, hakukuwa tena na kapteni.

"Asante sana, shemeji," akasema. "Magari ya Kisii siku hizi yanapakia wapi?"