Alama za Vidole vya Mama

Ufinyanzi katika nchi ya Wazigua, Wabondei na Wasambaa, kutoka Handeni hadi Korogwe, ni kazi ya wanawake. Binti huipata kwa mama, kwa bibi au kwa shangazi, akiwa bado hajui kama anafundishwa. Chungu hakitiwi saini. Mfinyanzi akifariki, kinachomtambulisha ni chungu chenyewe: namna alivyoupindua mdomo, unene wa tumbo, na alama za vidole zilizobaki ndani, pale ambapo shingo ilikwisha kubana, mkono usiweze kurudi kulainisha. Mama aliyekufa akiwa kijana huenda hakuacha hata picha moja. Alama hizo zinabaki, na mtu akiingiza mkono chunguni anaweza kuzigusa.

Kumbukumbu haiko kwenye vyungu pekee. Kwamndolwa, kwa mfano, ni kata ya mji wa Korogwe, katika eneo ambalo majina mengi ya mahali huanza na Kwa, na aghalabu kinachofuata ni jina la mtu aliyepata kukaa hapo. Ardhi yenyewe inatunza kumbukumbu ya watu. Wazigua kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliwaweka pamoja na Waluguru, Wakaguru, Wanguu na Wazaramo katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu makabila ya mashariki mwa Tanzania yanayofuata ukoo wa mama. Kwa hiyo, katika jamii hii, kumkumbuka mama ni kukumbuka mtu alikotoka.

Kazi ya ufinyanzi huanzia bondeni. Mto Pangani, ambao sehemu zake za juu huitwa Ruvu, unapita Korogwe, na karibu hapo hupokea maji ya Lwengera, mto unaotenganisha Usambara Mashariki na Magharibi. Udongo wa mfinyanzi hupatikana mahali pa aina hiyo, kwenye mabonde na kingo ambako maji yametuama kwa miaka na kuacha chembe laini. Huchimbwa, hubebwa kichwani, hutolewa mizizi na changarawe, hulowekwa, kisha hupondwa hadi ushikamane. Udongo mtupu hupasuka motoni. Ndiyo maana wafinyanzi wa sehemu nyingi za Afrika huuchanganya na mchanga, au na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ili mvuke upate njia ya kutokea na chungu kisinywee ghafla.

Hakuna gurudumu. Bonge la udongo huwekwa juu ya kigae, na kigae hicho ndicho kinachozungushwa polepole kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiinua ukuta. Mfinyanzi mwenye mtoto mchanga hufanya kazi hii mtoto akiwa mgongoni, amefungwa kwa kanga. Mama akiinama, mtoto anainama. Mama akinyooka kuutazama mdomo wa chungu kama umekaa sawa, mtoto naye ananyooka. Mkono wa ndani unasukuma, wa nje unazuia. Ukisukuma kupita kiasi, tumbo linalegea na kuanguka. Ukizuia kupita kiasi, chungu kinakuwa kizito na kitachelewa kupata moto jikoni. Kipimo chake hakiandikiki, kiko kwenye ncha za vidole. Gunzi la hindi hukwangua, kipande cha kibuyu hulainisha, na udongo ukianza kukauka, kokoto iliyosuguliwa na mto hung'arisha uso wake mpaka uteleze kama ngozi iliyopakwa mafuta.

Hapa ndipo upole unapokuwa ujuzi. Udongo hauvumilii hasira. Mkono wenye haraka huacha unyevu ndani ya ukuta, na unyevu huo hugeuka mvuke na kupasua chungu motoni siku nyingi baada ya haraka yenyewe kusahauliwa. Waswahili husema udongo uwahi ungali maji, nao huisema methali hiyo kwa malezi zaidi kuliko kwa vyungu. Aliyeitunga bila shaka alikuwa ameshawahi kumtazama mfinyanzi, kwa sababu muda wa kuuwahi udongo ni mfupi kweli. Ukiwa majimaji hausimami, ukikauka haupindiki, na kati ya hali hizo mbili kuna saa chache ambazo mama hugawa kati ya chungu, sufuria ya uji na mtoto anayelia.

Chungu kikishasimama, hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, mbali na upepo, maana mdomo ukitangulia kukauka kuliko kitako, ufa utaonekana. Kisha huja moto. Vyungu hupangwa uwanjani, vikazungukwa na kuni, magome, nyasi kavu au kinyesi cha ng'ombe. Moto wa wazi wa namna hii hufika kiasi cha nyuzi joto 600 hadi 900 za Selsiasi, na unapopita nyuzi 500 hivi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na kuanzia hapo hakuna mvua itakayoweza kukirudisha chungu kuwa matope. Kikipoa, mfinyanzi hukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima hulia kwa sauti nyembamba inayodumu kidogo. Chenye ufa hutoa sauti butu inayokatika mara moja, na mwenye sikio la kazi hahitaji kuutafuta ufa kwa macho.

Ukuta wa chungu kisichopakwa rangi ya kioo huwa na vitundu vidogo mno. Kwa chungu cha kupikia ni kasoro inayotibika: uji huchemshwa ndani yake mara ya kwanza, na wanga wake huziba vitundu. Kwa mtungi wa maji ni neema. Maji hupenya kidogo kidogo, mtungi hutoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto. Handeni ni wilaya iliyojulikana kwa miaka mingi kwa shida ya maji, hata likajengwa bomba kuu, linaloitwa HTM, la kuyaleta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Mahali kama hapo, mtungi unaotunza maji na kuyapoza una heshima yake nyumbani.

Kazi hii ina umri mkubwa hapa. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alifukua vyungu vya mapema vya enzi ya chuma huko Kwale, Kenya, na vigae vya aina hiyohiyo vikapatikana pia chini ya milima ya Usambara na Upare, vyenye umri wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Baadaye mwanaakiolojia Jonathan Walz alitembea bonde la chini la Pangani, Korogwe na Mombo zikiwemo, akifuatilia makazi ya kuanzia mwaka 500 hadi 1900. Vigae vilikuwa miongoni mwa alama alizofuata. Hakuna aliyeandika majina ya wanawake waliovifinyanga, lakini historia ya bonde hili inasomwa kutoka kwenye kazi ya mikono yao.

Udongo ulitumika pia kufundishia. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alikusanya vinyago vidogo vya udongo vya mafunzo ya jando na unyago, vya Wazigua na Wasambaa vikiwemo, akachapisha kitabu kuvihusu mwaka 1956. Mwali alifundishwa utu uzima kwa kuoneshwa umbo la udongo, na udongo huohuo angeufinyanga siku moja akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni.

Mnyororo huu wa mama na binti ni mwepesi kukatika. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilionesha vifo 556 vya wanawake vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zilionesha 104. Kupungua huko ni jambo kubwa la kushukuru. Hata hivyo kila kifo cha namna hiyo kinaweza kuwa mikono iliyoondoka kabla binti hajafikia umri wa kushika gunzi. Hapo bibi huanza upya, na mkono wake mara nyingi ndio uliomfundisha marehemu.

Nje ya Korogwe, wanawake wachache wameifikisha kazi hii mahali ambapo majina yao yanatajwa. Namsifueli Nyeki wa Upare aliandikiwa makala nzima na Barbara Thompson katika jarida la African Arts mwaka 2007. Ladi Kwali wa Nigeria, aliyejifunza kwa shangazi yake, yuko kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikaa naye miaka ya 1970 katika Abuja ya zamani, ambayo sasa ni Suleja, na kujifunza kuinua ukuta kwa mkono. Vyungu vya Odundo havipakwi rangi ya kioo, hung'arishwa kwa kusuguliwa, na watazamaji wengi huona ndani yake mwili wa mwanamke, wakati mwingine mjamzito. Kiswahili kilikwisha kuliona hilo zamani: chungu kina mdomo, shingo, tumbo na kitako.

Sufuria za alumini, ndoo na madumu vimechukua kazi nyingi za chungu, na ni haki, kwa sababu ndoo haivunjiki njiani kutoka mtoni. Bado maharage huchemshwa chunguni nyumba nyingi, na nyungu ya kujifukiza kwa mvuke haijakoma. Siku chungu kinapoanguka, vipande havitupwi vyote. Kimoja kilichopinda vizuri huokotwa na kuwekwa kando. Juu yake, binti ataweka bonge lake la kwanza la udongo na kuanza kulizungusha.