Kuuza Fumbo Bila Kulifumbua

Muuzaji wa riwaya za upelelezi ana kazi ngumu kuliko wauza vitabu wenzake. Riwaya ya mapenzi unaweza kusimuliwa mwanzo mpaka mwisho na bado ukainunua. Huyu wa upelelezi akiteleza ulimi kwa neno moja, biashara imekwisha: nani atatoa pesa yake kumsaka muuaji aliyekwisha kutajwa pale kaunta?

Chukua The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyotoka 1926. Muuzaji asiyeijua fani atataka uone kwamba ameisoma, na hapo ndipo mtama unapomwagika. Aliyebobea atakwambia kidogo tu: tajiri wa kijijini kachomwa kisu chumbani mwake, na mpelelezi Hercule Poirot, aliyestaafu, yuko jirani analima mamung'unya. Basi. Ukimwuliza kwa nini watu wanaibishania mpaka leo, atacheka na kukurudishia chenji. Hata mimi sisemi.

Lakini kabla ya kukutilia mkononi kitabu chochote, ameshakuhoji kwa upole. Umesoma nini karibuni? Ulimpenda mpelelezi mwenyewe au kile kitendawili? Damu unaivumilia? Anayetaka maiti ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani atapelekwa kwa John Dickson Carr. Anayetaka jiji lenye uchafu, matajiri wenye siri na polisi wanaohongeka, kwa Raymond Chandler. Anayeanza Sherlock Holmes ataelekezwa mpangilio wa kumsoma, kwa kuwa Arthur Conan Doyle alimuua shujaa wake mwaka 1893, kisha akamfufua 1903 kwa kushinikizwa na wasomaji. Ukianza na ufufuo, kile kifo hakitakushtua hata kidogo. Ujuzi wa namna hii hauandikwi kwenye jalada la nyuma. Unakaa kichwani mwa mtu aliyesoma miaka mingi, tena akakumbuka nani alipenda nini.

Mahali ambapo ustadi huu umedumu ni duka la Mysterious Bookshop, New York. Otto Penzler alilifungua Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 1979, siku ambayo Wamarekani wengi huiona ya nuksi, nyuma ya ukumbi wa Carnegie Hall. Sasa liko mtaa wa Warren, upande wa Tribeca. Hakuwa wa kwanza. Katika jiji hilohilo Dilys Winn alifungua Murder Ink mwaka 1972, duka la riwaya za mauaji peke yake, wakati ambapo wengi wangemwona mwehu. Murder Ink lilifungwa 2006, na Murder One la London likafuata 2009. Duka la aina moja ya vitabu lina wateja wachache, na pango halijui kwamba wateja hao ni waaminifu.

Penzler hakukaa kungoja mlango ufunguliwe. Alikuwa mchapishaji tayari, mwanzilishi wa Mysterious Press mwaka 1975, na waandishi aliwajua. Tangu 1993 humwomba mmoja wao hadithi fupi kwa ajili ya Krismasi, kwa masharti matatu: iwe ya msimu wa Krismasi, iwe na fumbo, na sehemu yake itokee humo dukani. Hadithi huchapwa kijitabu na wateja hupewa bure. Donald Westlake aliandika, Ed McBain na Lawrence Block pia. Sijui tangazo la biashara lililo tamu kuliko hilo: mteja anarudi nyumbani na maiti iliyoangukia kwenye sakafu aliyosimama mchana uleule.

Wauzaji wenyewe nao waliwahi kuwa na tuzo yao, iliyoanza 1992 na kupewa jina la Dilys. Kigezo chake kilikuwa kitabu walichofurahia zaidi kukiuza. Nakipenda kigezo hicho kuliko cha majopo mengi ya wahakiki.

Kwetu fani hii si ngeni. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akiwa na kiko chake, Najum ubavuni, undugu wake na Holmes hauhitaji mpelelezi kuubaini. Wakaja Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Mabingwa hawa ukiwakuta dukani leo, wametawanyika kati ya vitabu vya darasani na marundo ya daftari. Basi wewe mwenye duka, uwe Kariakoo, Darajani au Mombasa, watengee rafu moja, na uikabidhi kwa mtu aliyewasoma wote. Mzazi akija kununua daftari za mtoto, aulizwe kwanza kama amewahi kukutana na Bwana Msa.